Maganda ya Karanga

Saa tano asubuhi, darasa la nne, Tandale,
Kidawa alilala juu ya daftari la hesabu,
saba mara nane ikiloa mate.
Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka.

Jioni akamuuliza shangazi Sikudhani,
mpima damu wa maabara:
"Usingizi huingilia wapi? Puani?"

Shangazi alikuwa mkekani, anamenya karanga.
"Hauingii. Unatengenezwa humo humo.
Ukiruka kamba, ukiikimbilia kengele,
hata ukikaa tu kumnunia Mwanvua,
mwili unakula karanga zake za nguvu,
na kila karanga huacha ganda.
Ganda hilo ni adenosini."

"Adeno-nini?"

"Sini. Linadondoka ubongoni, moja, na jingine,
tangu alfajiri, mpaka jioni ni kichuguu.
Ubongo ukijikwaa humo unasema: basi,
nilazeni, nifagiwe."

"Mbona baba halali? Analinda ghala Buguruni usiku kucha."

"Baba yako anakunywa kahawa, vikombe vinne.
Kahawa mjanja: inawahi viti vya maganda, inakalia,
wenyewe wanabaki wamesimama mlangoni.
Lakini kufagia haijui.
Ikiinuka tu, wote wanaingia kwa pamoja.
Ndiyo maana asubuhi baba hulala na kiatu kimoja mguuni."

Umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukasema, "Aaah!"
Friji ya jirani ikakohoa, ikanyamaza.

Gizani sauti ya shangazi ilishuka.
"Sasa hivi, katikati ya kichwa chako,
kitezi kidogo kama punje ya mchele
kimepata habari kwamba macho hayaoni mwanga.
Kinamwaga melatonini, tone kwa tone,
inapita na damu ikinong'ona: ni usiku, ni usiku.
Jana ulikiziba mdomo kwa simu yangu
hadi saa sita, chini ya shuka,
ukidhani sioni."

Kidawa hakujibu hilo.
"Na nani ataniamsha?"

"Kortisoli. Inapanda kabla hujafumbua macho,
kama mama Chausiku wa vitumbua,
anayewasha jiko wakati wateja bado wanakoroma."

Kidawa alitaka kuuliza ule ufagio wa kichwani
ni wa chelewa au wa plastiki.
Aliishia "wa che..."

Umeme uliporudi, shangazi aliizima taa mwenyewe,
akayazoa maganda mkekani kwa kiganja,
polepole,
yasimwamshe.