Bomba la Tope

Tulilizamisha bomba alasiri, mimi na Tinkasimire,
juu ya chelezo cha mapipa manne ya mafuta.
Ziwa la kasoko halina ufuo wa kuzoea:
ni ukingo, kisha giza.
Mtaalamu wa Makerere alihesabu mita,
mimi nilishika kamba,
nayo ikashuka, ikashuka,
hadi mkono nikausahau kama ni wangu.

Likapanda, refu kama mtoto wa darasa la pili,
tope tupu, mistari mistari:
jeusi, kijivu, jeusi, rangi ya chai ya maziwa, jeusi tena.
Kwetu Tooro humsalimu vipi mtu usiyejua empaako yake?
Nikaliinamia: Adyeri? Abwooli?
Likanijibu kwa harufu ya yai viza.
Basi nikalipa mwenyewe: Ateenyi,
la yule nyoka wa mto,
kwani nalo hulala chini likimeza
na halitapiki mpaka lishikwe kwa chuma.

Miezi minane baadaye alirudi na karatasi.
Tuliketi jikoni kwangu, mvua ya Oktoba ikipiga bati.
Tope, akasema, husomwa kama daftari la madeni:
la juu ni la jana, la chini alikopa babu.
Chini kabisa chavua ya mipodo,
kisha nyasi, nyasi, nyasi,
kiu ndefu ambayo hata bibi hakuwa na hadithi yake;
kisha miti ikarudi, hatua moja moja,
miaka mia tatu kuteremka kutoka kilimani hadi majini.
“Kumbe msitu hurudi,” nikasema.
“Hurudi,” akasema, “ukipewa nafasi ya kuchelewa.”

Kidole chake kikapanda, kikasimama.
Mkaa.
Uzi mwembamba kama wanja.
“Hapa mtu alichoma bonde, kati ya mwaka tisini na tisini na tatu.”
Tisini na moja, nikasema. Februari.
Akainua uso.
Nilikuwa na miaka sita, nilibeba kibuyu cha maji ya baba.
Rwakaikara hakuwa mwovu. Sisi tulikuwa tisa.
Mahindi ya kwanza yalimpita kimo,
tukayatafuna mabichi, utomvu mweupe kidevuni.

Juu ya mkaa, udongo mwekundu, unene wa vidole vitatu.
Ule haukuwa tope. Ulikuwa shamba letu
likishuka kidogo kidogo kila masika.

Ziwa halina subira ya msitu.
Lilikuwa jeusi, likawa kijani, kijani cha supu iliyolala,
na alfajiri moja ya Agosti, baada ya upepo wa baridi,
likajigeuza kitandani:
maji ya chini yasiyo na pumzi yakaja juu,
na ngege wakaelea ubavu, weupe, maelfu.
Majirani walikuja na mabeseni.
Mama aliyaosha yetu akayarudisha bila samaki.

Msitu wenyewe hujibu kwa mafumbo.
Mkuyu wa ukingoni uliozaa kila Machi
sasa huzaa ukijisikia.
Hondohondo huja, hutazama, huondoka.
Nyani wamejifunza saa ya mimi kwenda kanisani.

“Na hii ya juu kabisa?” nikauliza,
ingawa nilikwisha kuiona.
“Hii bado ni uji, haijatulia. Ila chavua yake ni nyingi ajabu,
aina moja. Mikaratusi.
Mtu amepanda mlimani, siku za karibuni.”

Miche mia mbili arobaini.
Nilichimba mashimo mwenyewe, na kamba ya kupimia.
Kobusinge yuko kidato cha tatu, analipiwa na nguzo za umeme.

Mvua ikakaza. Mtaalamu akangoja,
kalamu wazi juu ya karatasi,
kama alivyongoja niliposema Februari.

Nikamwongezea chai.