Chumvi katika Maziwa ya Pamba

Saa moja na robo usiku, taa ya pili sijaiwasha,
nauona mwavuli mwekundu ukikata kona ya Mtaa wa Masi,
hakuna mvua, hakuna jua,
umeinuliwa juu ya vichwa kama bendera ya nchi ndogo.
Nyuma yake wageni kumi, leo kumi na mmoja,
vidole vinang'aa samli ya dosa ya kibanda cha tatu,
na asumini waliyopimiwa kwa dhiraa,
toka kiwiko hadi ncha ya kidole,
na muuzaji mwenye mkono mfupi kuliko wote sokoni.

Kuzhali anawaambia: mitaa ya Madurai ni kalenda.
Hekalu limekaa katikati,
nayo miezi inalizunguka, mraba ndani ya mraba.
"Tumetoka Chithirai, tukakatiza Aavani, sasa tuko Masi.
Mmetembea karibu mwaka mzima
na jasho la kwanza halijakauka."
Wanacheka. Hapo kila siku wanacheka.
Kisha wanaipiga picha sufuria yangu.

"Na huyu ni Pechiyammal.
Maziwa yake ya pamba yana umri wa miaka mia moja.
Bibi wa bibi yake ndiye aliyewapikia wafumaji wa hariri
walipokesha vitandani mwa mfumo."

Mimi nakoroga.
Natia sukari guru, tangawizi kavu, iliki,
nazi nainyunyiza mwisho.
Chumvi anatia yeye.

"Pamba?" anauliza bwana mmoja mrefu. "Hii tunayovaa?"
"Mbegu zake," namjibu. "Shati tumewaachia wenye nalo."

Bibi yangu hakuliona jiji hili hata kwa ndoto.
Alilima uwele upande wa Usilampatti, akala uji wa uwele,
akafa na punje za uwele kwenye pindo la sari.
Bibi wa bibi yangu simjui hata jina.
Maziwa haya aliyaleta Sonaimuthu, mume wangu,
kutoka kwa rafiki aliyekuwa na deni lake la rupia mia tatu:
pesa hakuwa nazo, akamlipa mapishi.
Mwaka uliofuata Sonaimuthu alidandia lori la Tiruppur,
wiki mbili tu, akasema, niangalizie upawa wangu.
Wiki mbili hizo zina miaka tisa.
Upawa huu hapa.

Ijumaa ile ilinyesha mpaka mifereji ikasahau njia.
Mwavuli ulikuja, mara hii una kazi,
chini yake Kuzhali peke yake.
Wageni walibaki hotelini.
Akaketi juu ya kreti, kikombe cha bati kati ya viganja,
akauliza kama anayeuliza bei:
"Hasa hasa, ilianzaje?"

Nikamwambia. Rupia mia tatu, lori, vyote.

Alinyamaza hadi kikombe kikapoa.
"Ile nyumba ya Aavani," akasema, "yenye nguzo za mbao nyeusi,
ninayowaambia ilikuwa ya tajiri wa vito."
"Naijua. Si kweli?"
"Kweli. Ila nyuma ya jiko lake kuna kichumba.
Mama alisaga unga wa idli pale, miaka kumi na minne.
Mimi nimezaliwa pale, juu ya gunia la mchele.
Kila jioni nawasimamisha mbele ya nguzo,
nahesabu michongo, kasuku sita, yali wawili,
na mguu wangu hauendi hata hatua moja kule nyuma."

Alitaka kulipa mara mbili. Nikamrudishia moja.

Jumamosi jua, mwavuli, wageni kumi na wanne.
"Miaka mia moja," akasema Kuzhali,
na jicho lake likanigusa likakimbia.
Mama mmoja mwenye daftari akanigeukia mimi:
"Ni kweli, mama? Mia?"

Nikaupangusa upawa kwa pindo la sari,
upande mmoja, halafu wa pili.
"Mia na ishirini," nikasema.

Kuzhali aliinamia kikombe chake,
mabega yakimcheza.