Bei ya Herufi

Alikuja Jumatatu, saa ambayo jiwe bado ni baridi,
na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.
Karakana yangu iko nyuma ya soko la Mwembe Tayari,
baina ya fundi baiskeli na muuza sanda,
kwa hiyo nimezoea wateja wasemao polepole.
"Herufi moja shilingi ngapi?"
Nikamwambia hamsini. Nukta ni bure.

Meja Mwandawiro Kilambo.
Kapteni Tsofwa Ngoka.
Luteni Nandwa, wa jina moja tu,
kwani la pili alilikunja pamoja na sare
akalirudisha stoo.

Bi Mghoi ni mjane wa huyo wa kwanza.
Alikuwa ametoka kambini, Nyali,
ukumbini penye bamba la shaba.
Kamati ilimsikiliza, ikampa soda,
ikamwambia: Mama, sheria ni sheria,
bamba ni la waliofia vitani;
wako alikwisha staafu,
alifia kitandani.

"Fundi," akaniambia, "wewe unakula kwa maneno.
Hii 'ni' ya vitani ina cheo gani
hata iishinde 'ni' ya kitandani?"

Sikumjibu. Nilishika patasi.
Naye akasimulia kama mtu ahesabuye chenji.

Mwandawiro alirudi na kipande cha chuma
kidogo kuliko punje ya mtama, chini ya ubavu.
Madaktari wakasema kiacheni, kimelala.
Kililala miaka tisa.
Kikaamka usiku wa mvua za vuli, Changamwe,
stima zimepotea,
yeye akimpigia mwanawe shati pasi ya makaa.
Shati liliungua kola. Analo bado.

Tsofwa hakurudi na jeraha lolote.
Alirudi na tabia ya kuutazama mlango.
Harusini, msibani, kwa kinyozi: macho mlangoni.
Pale kivukoni Likoni alihesabu wapandao na washukao,
na hesabu isipolingana, siku hiyo halali.
Moyo ulimsimama kwenye foleni ya pensheni,
namba arobaini na mbili mkononi.
Karani aliiita mara tatu,
kisha akaita arobaini na tatu.

Na Nandwa?
Bi Mghoi akaikunja karatasi, akaikunjua.
"Nandwa mwandike tu.
Alikufa. Kwa jiwe inatosha."

Wahenga walituonya:
mwenye kovu usidhani kapoa.
Lakini wahenga hawakuwa na kamati.

Chini ya majina alitaka maneno matatu:
VITA VILIWAFUATA NYUMBANI.
Akahesabu kwa vidole, akafungua kibeti,
akahesabu tena.
Nikamwambia la mwisho nitalichonga bure.
Akakataa. "Jiwe la sadaka halina amri."
Akachukua kalamu yangu mwenyewe
akaikata NYUMBANI,
herufi nane, shilingi mia nne,
akabaki na nauli.

Nilichonga siku nne.
N ya Nandwa ilinisumbua, jiwe lilikuwa na mshipa,
na mguu wake wa pili ukitazama vizuri umepinda.
Sikuurekebisha.

Mwezi wa sita sasa, jiwe lingali hapa,
limeegemea ukuta.
Kamati inatafakari, ndivyo barua isemavyo.
Vumbi la majina ya watu wengine huliangukia mchana kutwa;
jioni nalifuta kwa kitambaa chenye maji,
kwanza Meja, kisha Kapteni, kisha Luteni,
ingawa sikuwahi kuwa askari
wala sijui kama kuna utaratibu wa kufuta.

Jana aliingia kijana, nywele fupi za kambini,
viatu vya kiraia visivyomzoea.
Alisema anatafuta kibao cha namba ya nyumba.
Akaliona. Akasoma, midomo ikimcheza.
Hakupiga saluti.
Aliuliza tu, pale chini palipobaki
patatosha jina refu kiasi gani.

Nikamuuliza, jina la nani?

Akautazama mlango.