Taarifa ya Katibu kwa Wapiga Adungu wa Paidha

Ndugu wapiga adungu wa mjini na wa vilimani,
na nyinyi wawili mnaovuka mpaka wa Goli kila Jumamosi
na vinubi mgongoni kama watoto waliolala,
nawasalimu. Mvua imetangulia mwaka huu.

Kwanza ngozi.
Ngozi inakunywa ukungu wetu usiku kucha, bila kukaribishwa.
Asubuhi ukiigonga inakujibu kama godoro.
Msikimbilie moto mkubwa:
Pithua alikimbilia, asubuhi ya Pasaka,
ikampasukia katikati ya "Bwana utuhurumie",
na padri akageukia ukutani, mabega yakimcheza.
Makaa machache, umbali wa mkono,
na subira ya mtu anayechoma mahindi ya kuuza.

Kigingi kikiteleza, kipake unga wa mkaa.
Si mate, Kumakech. Nimesema mara tatu.
Mate hushika wimbo mmoja tu.

Nyuzi: mshipi wa Pakwach umepanda bei.
Mwenye duka anasingizia samaki, eti wamekuwa wakubwa.
Tununue roli moja, tugawane kwa pima,
ila tusipimiwe kwa mikono ya Onegiu,
mirefu kuliko haki.

Harusi ya Nebbi mnaikumbuka.
Tulipiga tangu saa tano hadi mbuzi wakalala,
tukalipwa soda na ahadi.
Soda tulikunywa.
Kuanzia sasa, nusu mkononi kabla ya kukaza uzi wa kwanza.

Ile adungu kubwa, ya besi, imekaa kwa Thopacu miezi miwili.
Yeye anasema anaitunza; wengine wanasema anaikalia.
Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, sawa,
lakini sisi tu wanane, na ngozi ni moja.
Thopacu, irudishe. Hatutauliza ile alama ya sufuria.

Sasa lile ninalolizunguka tangu mstari wa kwanza.

Katika daftari langu kuna kanuni niliyoiandika kwa wino mwekundu:
mpigaji akipumzika, legeza nyuzi,
shingo ya mti isije ikapinda kwa kungoja.
Uyirwoth alipozikwa, wiki tatu leo,
tulibeba mawe, tulibeba maji, tulibeba viti vya kanisa.
Adungu yake tuliiacha msumarini, imekazwa
kama alivyoikaza yeye.

Mkewe, Giramia, nilimkuta kwenye mashine ya kusaga.
Akaniambia zinakatika usiku, moja moja.
Ya kwanza alidhani ni mtego wa panya.
Ya pili aliamka akakaa kitandani.
Siku hizi halali mapema; anazisubiri.
Kati ya tisa zimebaki nne.

Nikamwambia nitakuja leo hii, nizilegeze, ni dakika mbili.
Akapangusa unga kwenye nyusi.
"Ziache," akasema.
"Yule hata akiwa hai hakujua kuaga mara moja.
Akifika mlangoni, amesahau kofia.
Akifika njiani, amesahau pampu ya baiskeli.
Mwache amalize."

Mimi ni katibu. Nina ushauri wa ngozi, wa vigingi, wa kutu,
wa mchwa, wa maharusi wasiolipa.
Nililifungua daftari pale pale, kelele za mashine zikinifunika,
nikalifunga.

Basi Jumamosi, saa nane, hatukutani shuleni.
Tunakutana kwa Giramia.
Kila mmoja aje na uzi mmoja mfukoni, umekatwa tayari,
na asiutoe mpaka mwenyewe aulizie.
Asipoulizia, turudi nao.
Tukikuta zote tisa zimekwisha, tukae tu,
tunywe chai, tuusikilize ule mti.

Sukari mje nayo. Ada ni elfu mbili, haijapanda.
Kumakech, wewe bado unadaiwa miezi mitatu.