Zamu ya Saba, Akron

Baba ameshamfukuza kazi Stallard mara tatu
na bado ni zamu ya tano.
Redio iko juu ya friji, antena imeungwa kwa waya wa hanga,
mtangazaji anakohoa katikati ya majina.
"Mtoe!" baba anaiambia friji.
"Mtoe huyo mtoto, bega limeshamwisha!"
Teague ametupa mipira themanini na minane.
Baba anaihesabu kwa penseli nyuma ya bili ya gesi,
vijiti vinne na mmoja wa kukatiza,
vijiti vinne na mmoja wa kukatiza,
kama alivyohesabu matairi kiwandani
miaka thelathini na mmoja.

Kule banda la akiba Frías ameanza kupasha mkono moto,
akaketi,
akasimama tena.
"Unaona? Unaona anavyomchosha bure?
Chai hupashwi mara tatu ikabaki chai!"
Mimi namenya viazi. Sioni kitu, baba. Hii ni redio.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu.
Nyumba hii haina mjukuu;
majuto yetu huzaliwa usiku uleule
na kulia kabla ya kitovu kukatwa.

Zamu ya sita Stallard hakutoka.
Zamu ya saba, wawili wakiwa kwenye besi, hakutoka.
Kisha mpigaji wa tisa, mtu ambaye hata mtangazaji
alilazimika kulitafuta jina lake,
aliupeleka mpira juu ya tangazo la duka la magodoro
na ukaendelea kwenda.
Uwanja mzima ukashusha pumzi
kama basi linapofungua mlango.

"Si nilisema?"
Alisema. Na katika kusema kwake mlikuwa na kifuraha kidogo,
cha mtu aliyeokota sarafu
kwenye koti la marehemu.
Lakini mwaka jana, Agosti, Stallard huyuhuyu
alimtoa Teague huyuhuyu mapema, zamu ya sita,
Frías akaingia, tukafungwa mikimbio minne,
na baba alipiga meza: "Mjinga!
Mtu hajachoka, unamtoaje?"
Bili ya Agosti ninayo. Iko kwenye droo, na vijiti vyake.

Kwenye droo hiyohiyo kuna barua ya daktari, ya mwezi Machi.
Na nje, ubavuni mwa Buick, kuna mchubuko mrefu
wenye rangi ya sanduku la barua la Bi Pruitt.
Siku kumi na mbili sijasema neno.
Nimeyapasha maneno bafuni, nimeketi,
nimesimama tena.
Nikizichukua funguo mapema, ataozea kiti cha dirishani.
Nikichelewa, kuna mtoto mtaa wa pili
mwenye baiskeli nyekundu. Simjui jina.

Baada ya mchezo walimhoji Stallard.
Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevua viatu.
"Nilimtazama machoni," alisema. "Akaniambia bado yumo."
"Ulitaka aseme nini?" baba alifoka. "Nani atasema hayumo?"
Kisha akanyamaza.
Akaitazama misumari ya ukutani, ule wenye kalenda,
ule wenye funguo,
akarudisha macho kwenye bili.

Meneja akienda kumwondoa mtupaji haendi mbio.
Huvuka nyasi kwa mwendo wa mtu anayekwenda kufunga geti,
hupanda kile kichuguu, hunyoosha kiganja.
Hakuna hotuba. Mpira hurudishwa.

Kutoka sinki hadi mezani ni hatua sita.
Nilifuta mikono kwa aproni, nikazitembea zote.
Nikanyoosha kiganja.
Baba alikitazama kwa muda,
wanga wa viazi umekauka kwenye mistari yake,
kisha akaniwekea penseli.

Nikaipokea.
Nikarudi kwenye viazi.