Nyuzi Ishirini

Nilipewa simu mbili, daftari na siku tisa.
"Pima," bosi akasema, "kisha uandike."
Uwanja wenyewe si mkubwa, uko nyuma ya soko la Majengo:
mabenchi kumi na moja, miarobaini sita,
bomba linalotoa maji Jumanne na Ijumaa,
na juu ya nguzo ya taa, sanduku jeupe
lililokwisha kugeuka rangi ya vumbi letu.
Chini yake kibao: INTANETI YA BURE KWA WOTE.
Neno la mwisho limeliwa na jua.

Benchi la kwanza, saa tatu asubuhi: kasi nzuri.
La pili: inapanda, inashuka, pumzi ya mwenye pumu.
La nne, hakuna.
La tano, hakuna.
Kwenye ukuta wa choo cha kulipia: kasi kuliko kote.
Vijana walijipanga pale, pua wameziba kwa kola,
wakijaza fomu za ajira.
Nilidhani wana haja.
Kweli, walikuwa nayo.

Upepo wa Agosti ulinisumbua.
Kila nikifungua daftari unasoma kabla yangu,
unapeperusha kurasa hadi ya mwisho
kama mkaguzi anayewahi chakula.

Sechelela, muuza zabibu, akauliza napima nini.
Nikamwambia: mawimbi.
Alicheka hadi mzani ukayumba.
"Dodoma hii? Maji yenyewe tunayasubiri Ijumaa,
wewe unatafuta mawimbi!"
Kisha akanipa simu yake, kioo kimepasuka pembeni.
"Pima na kwa hii. Hizo zako mbili
za serikali. Zinaheshimiwa."

Nikapima.
Ukurasa wa mlangoni ulitaka barua pepe,
ukataka tarehe ya kuzaliwa,
ukaanza kuteremsha picha ya familia inayocheka.
Dakika ya nne walikuwa wamefika kwenye nyusi.
Dakika ya sita simu ilizima kwa aibu.

Daftari langu lilikuwa na safu tatu: kasi, umbali, saa.
Nikachora ya nne, bila rula:
NANI.

Siku ya saba nilipanda ngazi.
Antena ilikuwa imeelekea patupu.
Fundi wa kwanza aliielekeza siku ya uzinduzi,
kwenye jukwaa la wageni.
Jukwaa lilibomolewa jioni ile ile.
Antena haikuambiwa.

Spana namba kumi na tatu.
Nyuzi ishirini kuelekea kusini.
Sikumwomba mtu ruhusa.
Benchi la nne likashika, la tano likafuata,
vijana wakaachana na choo, wakavuta hewa,
na picha ya kreti la zabibu
ikaondoka mkononi mwa Sechelela ikafika Morogoro
kabla hajamaliza kusema "bado."
Nikaweka alama ya vema.

Usiku, Mwaluko, mlinzi wa lango la kaskazini,
alinijia ameshika simu kwa mikono miwili,
kama sahani aliyorudishiwa tupu.
"Fundi, kwangu imekata."
Kila saa mbili mjukuu wake, kule Kibakwe,
humsomea hesabu za darasa la pili.
Yeye hujifanya hajui jibu.

Nilikuwa nimeandika NANI.
Sikuwa nimeuliza: na nani tena?

Ripoti ilikuwa na kurasa tatu.
Ya kwanza, kasi.
Ya pili: ukurasa wa mlangoni ufupishwe,
familia ile iondolewe, wakachekee kwao.
Ya tatu: sanduku la pili, lango la kaskazini.
Sababu: hesabu za darasa la pili.
Bosi akafuta kwa kalamu nyekundu,
akaandika "usalama wa eneo."
Sikubisha. Naijua lugha inayotoa fedha.

Fedha hazijatoka.
Saa mbili usiku Mwaluko yuko benchi la nne,
anakosea saba mara nane kwa makusudi.
Langoni, juu ya kreti tupu, kakaa Sechelela
na rungu la mlinzi mapajani.
Akiulizwa anafanya nini pale,
anajibu: napima.