Hamira na Jumapili

Mama yao mmoja, usiku mmoja, gunia moja la kahawa.
Aliyewaleta ni Elirehema, mwanangu, wiki ya kuhamishiwa Mtwara:
"Mama, hawa watakuchangamsha."
Akapanda basi la alfajiri, akaniachia
mafungu mawili ya matimutimu, yote yanaharisha.

Mmoja nikamwita Hamira, maana hakai chini;
ukimgandamiza huku, anaumukia kule.
Wa pili nikamwita Jumapili.
Huyo hana la kuelezwa. Mtazame tu.

Kiboriloni huamshwa na kengele ya usharika.
Kwangu huamsha Hamira:
kambwekea msoma mita, kabwekea parachichi
lililoanguka juu ya bati, kambwekea jogoo,
kabweka kwa sababu jana saa hizi alibweka.
Jumapili hufungua jicho moja,
lile linaloonekana; la pili liko nyuma ya manyoya,
sijaliona tangu masika.
Huona dunia bado ipo. Hulifunga.

Mimi ni fundi cherehani. Napunguza mitumba ya sokoni,
nashona sare za kwaya. Na manyoya, jamani, manyoya!
Yamo kikombeni, yamo ndani ya bobini.
Shemasi Kiwelu alikaa ibada nzima na unyoya mweusi
kwenye kola ya suti niliyomkabidhi kwa mikono yangu.
Ndeonasia, aliyeketi nyuma yake,
anasema aliutazama mpaka mahubiri yakaisha,
na somo lilikuwa lipi hakumbuki.

Siku ya chanjo, ofisi ya kata,
Hamira, yule yule aliyelikimbiza dume la ng'ombe
la kina Lyatuu mpaka mferejini,
aliiona sindano akaingia chini ya kanga yangu;
tukabaki viumbe wawili ndani ya vazi moja
na foleni nzima inacheka.
Jumapili alitoa bega
kama mstaafu anayesaini pensheni.

Halafu mwezi wa saba, baridi ya kugonganisha meno,
akaja mwizi.
Hamira alikuwa amelala fofofo, kachoka na kazi za mchana.
Aliyeamka ni Jumapili. Asubuhi nyayo zilisema yote kwenye tope:
alimsindikiza mgeni hadi bandani,
wakasimama kidogo,
akamsindikiza tena hadi langoni
pamoja na beleshi langu na mpira wa maji.
Sikumpiga. Nilimwuliza, "Na chai ulimpa?"
Akaniwekea kidevu gotini, kizito kama pasi ya mkaa.

Jumamosi jioni ni siku ya chanuo.
Hamira huchanwa akitembea,
nami namfuata uani kama ninayemdai.
Jumapili hujigeuza mwenyewe, ubavu huu, ubavu ule,
natoa kupe, natoa kishonanguo,
safari moja nikatoa pini
niliyoitafuta tangu Pasaka.
Manyoya nayaacha pale pale chini.
Shorewanda wanayajua; huja wakayabeba darini,
meusi ya huyu, ya majivu ya yule,
na huko juu sijapanda kuona wanayapangaje.

Elirehema hupiga simu usiku. Huuliza mbwa kwanza.
Nami hujibu mbwa kwanza:
"Hamira kala sabuni. Jumapili kala sufuria ya ugali,
kamaliza, kalala humo humo."
Hucheka. Kisha kimya,
sijui ni mtandao, sijui ni sisi.

Leo kapiga mapema, jua halijazama.
"Na wewe, mama?"
Nikatazama juu. Siku tisa mlima ulikuwa umejifunika,
sasa umetoka, theluji kidogo tu
kama chaki iliyofutwa vibaya.
Hamira kauona pia. Anaubwekea wote,
kuanzia chini.
"Unamsikia?" nikasema. "Basi, ndiyo hivyo."